Mgonjwa wa Kituo cha Nne

Siku yangu ya kwanza kwenye chuo cha udaktari pale Moshi nilikabidhiwa ufagio. Mimi ni darasa la saba wa Kibosho na silionei haya, maana kwa akili yangu mwenyewe nilifika mahali ambapo wenye vyeti walitetemeka mbele yangu.

Msajili, mama mkali, alinikuta siku moja nikiwaigiza wakubwa mbele ya wafagiaji wenzangu. Nikajua kazi imeota mbawa. Akasema, "Unafaa. Usaili ujao wewe utaigiza mgonjwa."

Vijana, siku ya usaili hamkai mbele ya meza moja. Mnazunguka vyumba, kila chumba huitwa kituo. Kengele ikilia, unahama. Kwingine wanakuuliza kwa nini udaktari, kwingine wanakupa kisa cha kukutatiza. Kituo cha nne nilikuwapo mimi, mgonjwa wa presha anayeapa anameza dawa kumbe hamezi. Hapo hawapimi unajua dawa gani. Wanapima kama mtu anaweza kukwambia ukweli. Niliwatoa jasho wengi, na Moshi nzima hakuna aliyeugua kwa ustadi kama mimi.

Mwaka wangu wa mwisho akaingia binti wa Mwika, koti la kuazima limempwaya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Dawa nameza, usinisumbue!"

Wenzake wote hapo walinihubiria. Yeye alivuta kiti karibu, akahamia Kichagga, taratibu: "Meku, nyumbani nani anakukumbusha?"

Meku ni mzee kwa lugha yetu. Swali lile halikuwamo kwenye karatasi yangu ya kuigizia. Nikajikuta namjibu kwa Kichagga yaliyo yangu kweli: tangu nimzike mke wangu kule kihambani, kwenye migomba ya ukoo, kopo la dawa sijaligusa.

Mwenyekiti wa jopo aliyekaa pembeni akitoa alama, profesa mgeni mkoani kwetu asiyejua Kichagga, akagonga meza. "Mnapeana majibu kwa kilugha? Binti, huo ni udanganyifu. Toka nje!"

Binti akainamisha macho, kimya. Kwetu mlimani mtoto habishani na mkubwa. Profesa akaona amekiri. Binti akaanza kukusanya karatasi zake.

Ningenyamaza, ningebaki bingwa.

"Profesa, mkosaji ni mimi. Nimemwambia ugonjwa wangu wa kweli."

"Bado unaigiza, mzee?"

"Nipime."

Akaleta mashine ya presha. Akapima, akapima tena. Kisha akamgeukia binti, sauti imeshuka. "Kaa. Malizia na mgonjwa wako."

Jina lake lilitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Mimi Msajili aliniambia mgonjwa anayesema kweli hafai tena kituo cha nne, nikastaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Dawa sasa nameza.

Vijana hupanda mpaka kwangu kutaka majibu ya usaili. Nawaambia adabu ya nyumbani nendeni nayo, lakini mkituhumiwa, inueni macho mseme. Mbele ya jopo, kimya ni kukiri. Yule binti alikuwa na mimi chumbani. Ninyi mtakuwa peke yenu.