Kurasa za Mwisho za Hadithi ya Punda

Mama yangu alinikosea jambo moja tu utotoni, nami si mtu wa kusahau: alifungia wateja bajia kwa kurasa za mwisho za kitabu changu.

Tulikaa Frere Town. Alikuwa akikaanga bajia mlangoni, na bajia hufungwa kwa karatasi yoyote iliyo karibu, iwe gazeti au daftari la mwaka jana. Lakini kitabu cha hadithi, jamani! Kilimhusu msichana aliyepotelewa na punda wake, akafunga safari kumtafuta. Nilikuwa na miaka minane. Nilifika pale anaposikia mlio nyuma ya kilima, nikafungua ukurasa, nikakuta jalada. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Mama akanipakata, akanimalizia mwenyewe: punda alirudi kwa miguu yake saa ya chai, akaomba mkate. Kila nilipotaka kusimuliwa tena, mkate uligeuka, mara mahamri, mara mkate wa sinia. Niliupenda mwisho ule, ila mama sikumsamehe. Hata ukubwani, wageni wakija, niliwaambia, "Huyu alimuuza punda wangu, tena na ukwaju juu."

Sasa macho yake yamefifia, hawezi kusoma. Nimeweka kwenye simu programu ya maktaba. Tunaazima kitabu, tunakipakua, tunasomewa. Juzi, katika kutafutatafuta, nikakiona kile cha punda, jalada lile lile. Nilipiga kelele kama mtoto.

Jumamosi, baada ya chai, tukakaa barazani, simu juu ya stuli katikati yetu. Msomaji alikuwa na sauti tamu ila mbio nyingi, na mama alimkaripia mara mbili: "Pole pole, bwana, tuko nyuma!" Mimi nilikuwa nikiyatamka maneno kabla yake, nikijisikia raha isiyo kifani.

Tulipokaribia kilima, nikainamia simu. Zaidi ya miaka thelathini nimeingoja sentensi inayofuata. Mama akapapasa, akaifunika simu kwa kiganja.

"Zima, mwanangu."

"Mama! Sasa hivi?"

"Punda anakufa."

Nikaizima. Kumbe alikisoma chote kabla yangu.

"Babako tulikuwa tumemzika mwezi ule ule," akasema. "Na wewe kila jioni ulitoka ukasimama njiani kumngoja, kana kwamba hukuambiwa. Ningekuacha usome vile? Nikazing'oa zile karatasi, nikafungia bajia za kwanza zilizoiva. Nikasema, angalau punda arudi."

Nilimkumbatia, nikalia waziwazi, nikamwomba radhi kwa matani ya miaka yote ile mbele za watu. Akaniambia niache upuuzi. Siku za kuazima zilipokwisha kitabu kikaondoka chenyewe kwenye simu, na mwisho wake sijausikia, wala siutaki.