Mstari Niliouongeza Kwenye Njia ya Msalaba

Nakumbuka Jumapili moja ya Kwaresima, mwanangu, mwaka wetu wa kwanza hapa ughaibuni, mjini Lewisville. Vijana wa Burundi na Kongo tulikuwa tukifanya mazoezi ya Njia ya Msalaba kwenye maegesho ya magari ya kanisa, na mimi, kwa hili domo langu, nilipewa usimulizi. Sikutosheka na maneno niliyoandikiwa. Nikaongeza yangu: "Wayahudi, wauaji wa Mungu, mlaaniwe kizazi hadi kizazi." Wenzangu wakapiga makofi. Nilijiona msanii kweli.

Mzee Gaspari, katekista wetu, alikuwa ametoka kazini ghalani, viatu vya kazi bado miguuni. Akatusimamisha. Akaniuliza Yesu alikuwa wa taifa gani, na mama yake, na Petro. Wote walikuwa Wayahudi. Akatueleza taratibu kwamba Yesu alisulubiwa na askari wa Kirumi kwa amri ya Pilato, ila Wakristo kwa karne nyingi walilitwika taifa zima lawama hiyo, ikahubiriwa hadi makanisani. Huko Ulaya Wayahudi wakanyimwa ardhi na kazi nyingi. Baadhi wakabaki na kazi ya kukopesha, kisha wakachukiwa kwa kukopesha. Tauni ilipoingia, wakasingiziwa kutia sumu visimani. Mwishowe, katika karne ya ishirini, wakauawa kwa mamilioni. Kanisa lenyewe, alisema, limeshaikana lawama ile.

"Yule mama anayekufundisha Kiingereza, uliyemwalika Ijumaa Kuu, ni Myahudi," akaniambia. "Utamtazama machoni ukiyasema hayo?"

Niliona aibu, mwanangu. Mama yule ndiye aliyenipeleka hospitali wewe ulipougua. Na mimi niliikimbia Burundi kwa sababu watu walifundishwa kwamba kabila letu lote lina hatia. Nikaufuta mstari wangu. Ijumaa Kuu mwalimu wangu alikaa mbele, nami nikasimulia nikimtazama.

Jana umenionyesha video ya mtu anayedai Wayahudi wako nyuma ya kila balaa. Ukacheka, ukasema, "Ni joke tu, Mama." Uongo huo umezeeka, mwanangu, na umeshaua watu. Aliyekosa mtaje yeye na kosa lake, ukoo wake uuache. Ukisikia taifa zima linashitakiwa, uliza nani ameanza kusema hivyo na anatafuta nini. Na wale wenzako uliowatumia video, waandikie leo kwamba ulikosea. Najua ni vigumu. Nitakaa hapa kando yako mpaka umalize.

Mungu akulinde, akupe ulimi ambao hautamfanya mtu yeyote aikimbie nyumba yake.