Sisi Glasgow wa Malvern

Enzi zetu Malvern, mtaa wa huku kusini, mwendo wa saa nzima kutoka Pretoria, niliamini kabisa, tena ningeapa mbele ya watu, kwamba miji yenye jina moja ni wajina, na ule mkubwa lazima uwatumie wadogo zake zawadi. Usicheke. Mwaka ni 2016, nina miaka kumi, na wajina wangu mwenyewe, Mzee Mbaraka wa Tanga, haachi Idi ipite bila kunitumia kanzu kwa watu wa basi. Kanzu zenyewe zingefagia Jules Street nzima, lakini zilifika. Sasa mtu anaweza, mji utashindwa?

Habari hizo aliniletea Elia, mtoto wa msusi, Wakongo wa Lubumbashi tuliokaa nao ghorofa moja. Elia alijua kila kitu, pamoja na visivyokuwepo. Na alijua shida yetu: jezi. Vijana wa Troyeville, mtaa wa jirani, walikuwa nazo, nyekundu, na walikataa kucheza na sisi.

"Eish, hii timu au foleni ya zahanati?" nahodha wao alituuliza, akitazama tisheti zetu za rangi kumi na tisa. "Leteni jezi, la sivyo mkaruke kamba."

Elia akafungua atlasi ya shule kule mwisho, kwenye orodha ya majina. Glasgow ya Uskoti, hiyo ndiyo kubwa. Halafu Glasgow ya Montana, ya Kentucky, ya Missouri, ya Delaware.

"Unafikiri Amerika ilitajirika namna gani?" akasema. "Wajina wao anawatumia!"

Basi tukawa Glasgow. Tukaandika barua kwa Kiingereza cha kutetemesha: sisi ni Glasgow mpya, ya Malvern, tuko kumi na mmoja, tunaomba jezi. Nikampa mama aipeleke posta. Mama alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kutwa. Akaisoma, akaikunja. "Haya baba, nimeipokea."

Tukangoja. Ah, kungoja kule! Mpira wetu ulibonyea kama chungwa lililokaliwa, kiwanja kilikuwa nyuma ya gereji, tunarudi tunanuka oili, midomo myekundu kwa chipsi za pilipili za spaza, kiduka cha uani. Pakiti moja, watu saba, na wote tulishiba. Mama akiita dirishani, "We Mbaraka! Jua limerudi kwao, wewe je?" alisikika mpaka Pretoria.

Wiki ya tatu, kifurushi cha karatasi ya kaki kiko mlangoni. Jezi kumi na moja za buluu, zinang'aa kama samaki! Na maajabu, kila moja ilimkaa mwenyewe sawasawa. Hata ya Elia, ambaye tumbo lake lilitangulia kufika kila mahali.

"Watu wa Uskoti wanajua kupima mtu kwa mbali," Elia alisema, na sote tukakubali.

Jumamosi, Troyeville. Nahodha wao alizishika, akazigeuza. "Sharp, poa. Tucheze." Walitufunga tisa. Elia anasema kumi na moja, na yeye ndiye alikuwa golikipa. Tulirudi tunaimba.

Watoto wa siku hizi wana jezi zenye majina yao mgongoni, na hawachezi, wanaogopa zitachafuka. Ukiwaambia jambo wanauliza simu, simu inajibu, jambo linafia hapo hapo. Sisi uvumi mmoja ulitutosha miaka mitatu, na tamu yake mpaka leo sijaipata kwenye simu yoyote.

Maana niliamini hadi 2019. Mwaka huo nilisimama kwenye somo la jiografia, kifua mbele, nikaeleza habari ya miji na wajina wao. Darasa lilicheka mpaka vioo vikatikisika. Nikafika nyumbani nimenuna, nikamtaka mama aje shuleni kunitolea ushahidi, kwani yeye ndiye aliyepeleka barua posta.

Mama hakuacha hata kukanyaga cherehani.

"Mwanangu, mji haumtumii mtu kitu. Zile jezi zilikuwa bitana ya makoti iliyobaki, nikazishona mimi mkiwa shule. Vipimo nilikuwa navyo. Sare zenu anashona nani?"