Kifuniko Kilichotolewa Sadaka

Kwa jina la Mola ambaye kilichopotea kwetu hakipotei kwake, na kwa kumtakia rehema Mtume wake aliyejulikana kwa uaminifu kabla ya kujulikana kwa utume, inaanza habari ya fundi mmoja wa mtaa wa Buyenzi na amana aliyokabidhiwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Massoudi Sijaona amechuchumaa uani kwake mbele ya pikipiki inayomzidi umri. Ni FN ya Kibelgiji, iliyoingia mjini hapa siku ambazo mji bado ulikuwa ukiitwa Usumbura. Tangi limepakwa rangi ya zambarau iliyoiva. Taa ya mbele imesuguliwa hadi inamwonyesha mtu ndevu zake.

Lakini Massoudi hatazami vinavyong'aa. Anatazama ubavu wa injini, mahali palipo kifuniko cha alumini ambacho mafundi wa hapa hukiita karteri. Katikati ya kifuniko hicho umepita mshono uliopinda, mnene kama utambi wa taa. Anaupitishia kidole gumba, anakinusa, anakifuta kwa kitambaa, kisha anaupitia tena.

"Iko kavu," anasema, kama aliyeulizwa. "Lakini haijawaka bado. Injini iliyolala haitoi ushahidi."

Mwenye pikipiki yuko njiani kuja kuitazama. Hajaambiwa habari ya mshono.

Wahusika wa kisa hiki ni wachache, na ni adabu kuwataja kwa mpangilio kabla ya kusimulia yaliyowapata. Wa kwanza ni Massoudi mwenyewe, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, fundi tangu ujana wake. Wa pili ni dada yake mkubwa, Khadidja, mjane anayeishi naye na kuiongoza nyumba. Wa tatu ni Aloys, mwokota vyuma chakavu anayepita mitaani na mkokoteni. Wa nne ni Djibril, msubu masufuria, yaani ayeyushaye alumini na kuimimina iwe vyombo. Na mwenye mali ni Bi Lamya binti Hamoud, mzaliwa wa mji huu, ambaye sasa maskani yake ni Kigoma.

Marehemu Hamoud, baba yake Lamya, alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Rohero. Wazee wa Buyenzi bado wanamkumbuka akija msikitini siku ya Ijumaa juu ya pikipiki hiyo, kanzu ameikunja kiunoni, kofia ameishika kwa mkono mmoja. Alipofariki, pikipiki ilibaki stoo chini ya magunia. Nyumba ilipouzwa, Lamya aliichukua kama fungu lake la urithi, akamletea Massoudi.

"Aliniambia: fundi, mi sitaki pesa yake, nataka sauti yake," anakumbuka Massoudi. "Nikamwambia, hii ni amana. Na toka nianze kazi, sijawahi kupoteza amana ya mutu."

Kazi hiyo ilimjia wakati wa dhiki. Tangu pikipiki zilipokatazwa kuingia katikati ya mji, wateja wake wametawanyika. Zamani alitengeneza tano au sita kwa siku. Siku hizi wiki huweza kumalizika kwa moja. Kuna majuma ambayo hata hiyo moja inaondoka bila kulipiwa, kwa kuwa mwenyewe hajapata petroli ya kuendea kazini.

Akaihamishia kazi nyumbani. Kwa muda wa miezi saba, ua wake ulikuwa karakana. Pistoni aliichonga upya kutokana na ya mashine ya kusaga. Mnyororo aliuunga kwa minyororo miwili. Kila alichokifungua alikilaza juu ya mkeka wa zamani, safu kwa safu, kwa mpangilio ule ule kilivyotoka. Hata paka wa nyumbani alijifunza kuuzunguka.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakingeweza kuchongwa wala kuungwa, nacho ni kile kifuniko. Ndicho kinachozuia oili isimwagike, na ndicho kinachoshika ncha za vyuma vya gia. Mwenzake hapatikani, si hapa, si Kigoma, si ng'ambo ya ziwa.

Hapo yafaa ielezwe desturi ya nyumba hii. Marehemu mama yao aliweka beseni karibu na mlango wa ua. Chochote kilichomo humo baada ya swala ya Ijumaa, iwe nguo, unga au chuma, hupewa mtu wa kwanza atakayebisha hodi. Anayetoa haangalii anachokitoa, ili nafsi isipate nafasi ya kupima na kujuta. Mama amekwenda mbele ya haki, na desturi wanawe wameishika.

Ijumaa moja, Massoudi alikiosha kifuniko kwa mafuta ya taa. Adhana ikalia naye mikono imelowa. Akatafuta mahali pasipo na vumbi, akakilaza katika chombo kilichokuwa karibu yake, akatawadha, akaenda kuswali. Chombo hicho kilikuwa beseni la sadaka.

Aloys alibisha hodi mapema kuliko siku zote, kabla Massoudi hajarudi kutoka msikitini, akaondoka na kifuniko.

"Mi nilitoa bila kuangalia, kama mama alivyotufundisha," anasema Khadidja, akiwa amejifunga kanga, mwiko mkononi. "Mukono wa kutoa hauna macho."

"Na mutoaji je, yaya? Yeye pia hana macho?" anauliza Massoudi kutoka kwenye pikipiki; yaya ndivyo wa hapa wanavyomwita dada mkubwa.

"Mutoaji alikuwa anakupikia we! Kitu cha amana unakiweka kwenye beseni la Mungu, halafu unauliza macho yangu?"

Wanataniana sasa. Siku ile hawakutaniana. Massoudi alitaka kumfuata Aloys papo hapo. Khadidja akamshika mkono mlangoni. Sadaka hairudishwi, alimwambia, na dini imemkemea vikali anayekirudia alichokitoa. Massoudi akasema kwamba mtu hatoi sadaka mali isiyo yake. Khadidja akasema kwamba Aloys hakujua hilo, na kumnyang'anya maskini kilichokwisha kuingia mkononi mwake ni kumvunjia heshima. Jua likatua wangali wanahojiana.

Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila mmoja alimwogopa Mungu. Usiku huo ulipita bila uamuzi, na kuchelewa huko ndiko kulikoleta hasara.

Baada ya swala ya alfajiri, Massoudi alimkuta Aloys akitia upepo gurudumu la mkokoteni wake. Massoudi alikuwa amembebea badala: rimu mbili za alumini za kwake mwenyewe.

"Fundi, mi sikuiba," Aloys alianza, akiuona uso wake.

"Hakuna aliyesema umeiba."

"Mama Khadidja mwenyewe alinipatia. Akasema: chukua, ni ya Mungu. Sasa Mungu ameghairi?"

"Apana, Aloys. Mungu alipewa kitu cha mutu mwingine."

Aloys alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa ametoka kukiuza kwa Djibril muda si mrefu. "Kimbia, fundi," alisema. "Yule mutu anawasha moto mapema."

Massoudi hakuwahi kukimbia hivyo tangu ujana wake. Anasema njiani aliona mapaa ya nyumba tu, kwa kuwa alikuwa akitafuta moshi.

Djibril alikuwa kifua wazi mbele ya tanuru. Kabla ya kuyeyusha, wasubu huvunja vyuma kwa nyundo ili viingie katika chungu. Vipande viwili vya kifuniko vilikuwa chini, juu ya majivu. Cha tatu kilikuwa kimekwisha kutiwa, ncha yake ikichungulia. Massoudi hakutoa salamu. Alipiga kelele, na Djibril, bila kuelewa, akakichomoa kwa koleo.

"Alumini ya zamani haina uchafu," anaeleza Djibril. "Nilipoiona nilifurahi, nikasema leo itatoka sufuria ya arusi. Kumbe navunja mgongo wa rafiki yangu."

Kipande kile kilikuwa kimeanza kulainika pembeni. Massoudi alivifunga vyote vitatu katika shati lake, akaenda bandarini kwa Karimu, mchomeleaji anayetengeneza vifaa vya alumini vya boti.

Karimu alivipanga juu ya meza, akavitazama kwa muda. "Mi nitashona," alisema. "Lakini dhamana sitoi. Itashika, au itapasuka ikipata moto. Utajua siku utakayowasha."

Aliporudi nyumbani, Massoudi alikisugua kifuniko juu ya kioo kilichowekwa msasa na oili, taratibu, mpaka uso wake ukakaa sawa. Djibril alikuja kutazama, akatoa shauri la kirafiki: "Piga rangi nyeusi juu ya mshono. Nani ataona?"

"Oili itaona," Massoudi alimjibu.

Kwa simu hakumwambia Lamya. Khadidja alimsihi amwambie, naye akashikilia kwamba jawabu la amana hutolewa ana kwa ana. Lakini anakiri kwamba sababu haikuwa hiyo peke yake. "Niliogopa," anasema. "Kila simu ikilia, nilisema ni yeye. Ikiwa si yeye, nasema, basi amekwisha kusikia."

Asubuhi hii, pembeni yake imesimama chupa ya soda yenye petroli. Jirani amemgawia kutoka kidogo alichokipata baada ya kulala kwenye foleni. Ikiisha, hakuna nyingine. Kwenye meli ya mizigo ya Jumatatu, Lamya amekwisha kuishikia pikipiki nafasi ya kwenda Kigoma.

Anaitia petroli, akitazama tone la mwisho likiporomoka. Anasoma Bismillahi kwa sauti ndogo, anaukanyaga mguu wa kuwashia. Injini inakohoa na kunyamaza. Anakanyaga tena. Khadidja ameuacha mwiko jikoni, amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Safari hii inawaka. Sauti yake ni nzito na ya taratibu, kila mpigo ukisikika peke yake. Mtaani mtu anapaza sauti: "Hamoud amefufuka!"

Massoudi hacheki. Amepiga magoti ubavuni, uso karibu uungue, anautazama mshono. Unapata joto. Unabaki mkavu. Kisha chini kabisa, pale kilipolainika kile kipande cha tatu, linatokea tone dogo la oili. Analifuta. Anangoja. Linarudi, dogo kuliko la kwanza.

"Ya Rabbi," anasema, na kuizima.

Katika kimya hicho ndipo inasikika hodi. Ni Bi Lamya, ambaye sauti ile ameisikia tangu pembe ya mtaa, machozi yakimlengalenga. Anamsalimu kila mtu, anainyoosha mikono kuelekea kwenye tangi.

"Bi Lamya," anasema Massoudi, akisimama kati yake na pikipiki. "Kabla hujafurahi, nina neno."

Anamweleza yote: adhana, beseni, Aloys, nyundo, tanuru. Hajitetei. Anapofika kwenye mkono uliotoa, Khadidja anadakia: "Ni mi, dada yangu. Usimlaumu peke yake."

Lamya anainama. Anaupitisha mkono juu ya mshono ulio moto bado, na kidole chake kinatoka na alama ya oili.

"Inatoka," anasema.

"Inatoka kidogo. Sijui kama itazidi."

"Ungepaka rangi, nisingejua."

"Ungejua ukiwa Kigoma, siku ingekukwamia njiani, na mi niko mbali."

Lamya anakifuta kidole kwa kitambaa cha fundi. Massoudi anatazama ardhi.

"Baba alipasuliwa tumbo akiwa kijana," anasema Lamya. "Mshono wake ulikuwa hivi hivi, umepinda. Kila mwaka tulikuwa tunasema, mwaka huu utafumuka. Amezikwa nao."

Khadidja anacheka, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Meli ya Jumatatu iende na mizigo mingine," anaendelea Lamya. "Hii ibaki kwako, fundi. We iendeshe. Ukiona imepona, niite. Ukiona haijapona, niite vilevile. Nitaamini lolote utakalosema."

Mtu angedhani maneno hayo yangemtua mzigo. Lakini Lamya alipokwisha kuondoka, fundi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuyatafakari bila furaha. "Angenigombeza ningelala," anasema. "Kugombezwa kuna mwisho. Kuaminiwa hakuna."

Mpango wake ni huu. Petroli itakapopatikana, ataiendesha kila asubuhi kuelekea mtaa wa Ngagara na kurudi, nje ya eneo lililokatazwa, akisimama njiani kuukagua mshono. Wakati huo huo, Djibril ameahidi kukichukua kifuniko kwa siku moja, akikandamize katika mchanga wake mzuri ili ushike umbo lake, na kusubu kingine kipya kwa alumini ya zile rimu mbili alizoachiwa Aloys, naye amekubali ziende huko.

Kama kitatoka bila matundu, Massoudi atakisugua mwenyewe, na pikipiki itapanda meli ikiwa nzima. Kama hakitatoka, watajaribu tena. Djibril anasema safari hii hatalala mpaka kitoke.

Mwenyezi Mungu amrehemu Hamoud na wazee wote waliotangulia. Na waliobaki awatazame kwa jicho la huruma: fundi aendeshaye moyo ukimdunda, dada yake amngojaye mlangoni, msubu mbele ya moto wake, mwokota vyuma na mkokoteni wake, na binti arudiye Kigoma mikono mitupu. Awape subira hadi amana imfikie mwenyewe. Amina.