Nani alikutuma kufuta mipaka ya Matamba?

Leo nimefuta mashamba ya watu wa Matamba, na niliagizwa.

Asubuhi bosi alipiga simu kutoka Makambako. "Akaunti ya ramani imejaa. Futa mafaili yote yaliyoandikwa majaribio."

Nikamuuliza mara mbili.

"Futa tu, mdogo wangu."

Nikafuta, hadi yaliyokuwa kwenye pipa la taka la akaunti, yasirudishike tena.

Mchana mpima ardhi wetu akarudi kutoka Matamba, akakuta kazi yake haipo. Mipaka aliyoizunguka kwa miguu na wanakijiji, katika baridi ya huko, yeye huihifadhi kwa jina la majaribio mpaka ikamilike.

Sote ofisini tunaingia kwenye akaunti kwa jina la bosi, kwa hiyo skrini ilionyesha aliyefuta ni yeye.

Bosi, aliyekwisha kufika, akanigeukia mbele ya wote. "Nani alikutuma?"

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Anayesaini ni yeye.

Niambieni mngejibuje, maana mimi nilisema, "Hakuna mtu, mkuu."