Vitenge vya Arusi ya Kabambare

Mwaka ule mataifa makubwa yalipoanza kupandishiana ushuru, mama yangu alikuwa na hofu moja tu: mdogo wangu anaolewa Kabambare, na hakuna mtu wetu wa kumsindikiza. Bwana arusi, mwenye duka dogo kule, alituma habari kwamba pikipiki alizoweza kukodi zitatosha watu wake tu. Wanunuzi wa mawe ya bati walikuwa wamesimama kungoja bei ya dunia itulie, wachimbaji hawakuwa na kitu mfukoni, na duka lake sasa liliuza chumvi na salamu.

Kwetu kila ukoo huvaa kitenge chake siku ya arusi, ili ukitupa jicho uani ujue nani ni wa nani. Kazi ya kutafuta chetu ilikuwa ya shangazi, muuzaji wa vitenge sokoni Kasongo, ambaye husikiliza redio kana kwamba wakubwa wa dunia watampigia simu kuomba shauri.

"Amerika inakatala mali ya China," alitutangazia. "Ile mali itaenda wapi? Itakuja huku, bei ya bure. Tungoje."

Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaniambia sijui biashara. Na kweli, vitenge vikaanza kushuka bei Kindu, mji mkubwa tunakonunua! Lakini wakubwa wa teritwari, wanaotawala wilaya yetu, ambao mawe yalikuwa hayawaletei kodi tena, wakaweka kodi mpya juu ya kila mzigo wa nguo. Bei ikarudi palepale. Nilicheka, kisha nikakasirika, maana arusi ilikuwa imefika.

Shangazi akatoa robota lake la zamani, kitenge cha mananasi makubwa ambacho Kasongo nzima ilikuwa imekikataa. Tukashona. Alichotuficha ni kwamba wakwe nao walikuwa wamengoja kama sisi, na nusu ya robota lilelile aliwauzia wao.

Siku ya arusi, uani kwetu Kasongo palikuwa mananasi matupu. Desturi yetu ni wanawake wa bibi arusi kufunga mlango mpaka wa upande wa pili walete zawadi. Siku ile waliofunga na waliobisha walichanganyika, mlango ukafunguliwa bure.

"Mama, weye iko wa upande gani?" nilimwuliza mmoja.

"Wa nanasi," akajibu, akapita.

Pikipiki za bwana arusi zikaja, madereva wakapakia kila nanasi lililosimama karibu na barabara. Mdogo wangu akaondoka. Mama akajifungia chumbani, nami nikalia peke yangu jikoni.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa shangazi, yuko Kabambare.

"Walinipandisha pikipiki, nikanyamaza," akasema. "Mutoto iko hapa na mie, tunakula. Banafikiri mie ni mutu wao."

Mama akaninyang'anya simu. "Usiwaambie kitu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kaa vilevile."

Kisha akaniomba chakula. Tangu jana alikuwa hajala.