Rangi Aliyoitaja Baba

Enzi zetu, Ijumaa bila gazeti haikuwa Ijumaa. Lilikuja na boti kutoka Dar, baba akalinunua Darajani akitoka msikitini, na baada ya chakula tukajitupa mkekani kwenye fleti yetu ya Michenzani kufumbua fumbo la maneno. Watoto wa leo wakiviona vile visanduku vyeusi na vyeupe watadhani ni vigae vya chooni.

Baba alikuwa mshonaji kanzu. Mimi nilisoma kidokezo, yeye akatoa jibu, nami nikaandika kwa penseli. "Kichwa changu, mkono wako," alizoea kusema, nasi tukaamini anatufundisha. Tunda chachu la jamii ya chungwa, herufi tano. Nikashikilia ni ndimu. Baba akasema ni danzi, na danzi ni chungwa lililonuna. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Siku hizi ukimtajia kijana danzi, anakuuliza linauzwa duka gani.

Ijumaa moja, niko darasa la sita, kidokezo kilitaka rangi nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Mama ndiyo kwanza alikuwa anaingia na sahani ya machungwa aliyoyamenya.

"Damu ya mzee," baba akasema, akimnyooshea kidole. "Si ndiyo hiyo kanga aliyovaa mama yako?"

Mama alikuwa amevaa kanga ya kijani.

Nilimtazama mama, naye akanitikisia kichwa kidogo, ninyamaze. Akaweka sahani, akaingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya damu ya mzee, akakaa ubavuni mwa mumewe. Nikaandika jibu. Sijapata kuona mapenzi kama yale, na mpaka leo sijui nimsifu mama au nimlaumu.

Tangu hapo kazi yetu ikawa kumfunika. Mama alimtungia uzi sindanoni, na kanzu zilizopinda akazifumua na kuzishona upya baba akiwa msikitini. Nilipotaka kusema, alinizuia jikoni. "Mwanangu, baba hatajiwi aibu yake. Akitaka, atasema mwenyewe."

Hakusema. Mwaka wa pili alikosea ngazi, akaanguka, tukampeleka hospitali. Mguu ulikuwa mzima. Daktari alimulika macho, akasema ni presha ya macho, na kama angeletwa mapema yangeokolewa.

"Mapema lini?" baba akauliza.

Aliishi miaka kumi na moja gizani, na hakutaka tena kusomewa fumbo.

Tukikutana harusini, sisi wa rika langu hulalamika kwamba vijana wa leo hawana haya. Kweli hawana. Mwezi uliopita binti yangu alinikuta nimeishika simu mbali na uso, akaniambia mbele ya wageni, "Mama, huoni. Kesho twende ukapimwe." Nilikasirika, nikamwambia sisi enzi zetu tulikuwa na adabu.

Na tulikuwa nayo. Kwa adabu hiyo tulimwacha baba yetu apofuke.